Spishi iliyo nyingi si lazima iwe bora

Mwaka 2001 mwanaikolojia Stephen Hubbell alitoa kitabu kilichowakera wenzake wengi. Tuchukulie, alisema, kwamba kila mti msituni, uwe wa spishi yoyote, una nafasi sawa na mwingine ya kuzaa, kufa, kueneza mbegu na hata kuanzisha spishi mpya. Kisha tutazame msitu utakuwaje.

Tangu hapo nadharia hii ya kutopendelea inasomwa vibaya, kana kwamba Hubbell haoni tofauti kati ya mti na mti. Ni yeye na Robin Foster walioanzisha eneo la hekta 50 kisiwani Barro Colorado, Panama, ambako kila shina lenye kipenyo cha kuanzia sentimita 1 lilipimwa na kutambuliwa: mashina zaidi ya 200,000, spishi 300 hivi. Tofauti anazijua. Swali lake ni kama hizo ndizo zinazoamua nani awe mwingi.

Mti mkubwa umeanguka, mwanga umefika chini, miche inagombea pengo. Kama ni bahati tupu, spishi yenye miti mingi ndiyo yenye nafasi kubwa ya kulijaza. Rudia hivyo bila kikomo katika msitu usiopokea mbegu kutoka nje, wala kuzuka spishi mpya: mwishowe spishi moja itautwaa wote. Iliyo na asilimia 1 ya miti leo ina nafasi 1 kati ya 100 ya kuwa ndiyo. Yenye asilimia 30, nafasi 30. Hapa huwa nakwama kila mara. Mshindi lazima apatikane, na mtafiti atakayemkuta atatafuta siri ya ushindi katika mizizi au majani. Ataipata, maana kila spishi ina sifa zake, na sifa hiyo haikuchangia chochote.

Wapinzani wana hoja nzito. Miche iliyo karibu na mti mama hushambuliwa zaidi na wadudu na magonjwa, hivyo spishi adimu hupata nafuu. Tena bahati huenda polepole mno: spishi yenye mamia ya mamilioni ya miti Amazoni ingehitaji muda usioaminika kufikia wingi huo. Hilo nalikubali kabisa.

Lakini tumelijua kwa sababu nadharia ilitoa hesabu ya kupimia. Ukame wa 1983 ulipopiga Barro Colorado, spishi zinazopenda unyevu zilipungua haraka kuliko bahati inavyoruhusu. Hapo ndipo naamini maelezo ya mizizi na majani.