Ofisi Haiwajibiki na Yaliyomo

Jamani, mie nimeoa. Hilo naomba lieleweke mapema, maana kuna watu mwaka 2022 walinizungusha miezi saba hawataki kuliamini.

Mwanangu Salma yuko ng'ambo na mumewe. Nchi siitaji, faili langu bado liko kwao. Kajifungua mtoto wa kwanza, akataka mamake aende akamkande mpaka arobaini itoke, na mie nimsindikize. Ubalozi wakasema hakuna tabu, leteni cheti cha ndoa. Nikacheka peke yangu. Cheti si kipo! Tumeoana Wete mwaka 1998, na cheti kimo kwenye kopo la biskuti juu ya kabati, pamoja na risiti ya redio ambayo redio yenyewe ilishakufa.

Kumbe ndoa ikiwa ya zamani ni sifa, lakini karatasi yake isizidi miezi mitatu. Kama samaki. Haya, boti, Pemba, kutafuta nakala mpya. Siku hiyo kusi limeshika, pale mkondo wa Nungwi tukapepetwa kama mchele ndani ya ungo. Abiria tulioanza safari kwa porojo tukaimaliza kwa dua.

Kule wanataka barua ya sheha, yule mkubwa wa serikali mtaani. Sheha mwenyewe nimesoma naye skuli, na siku ya harusi yangu ndiye aliyekuwa anagawa pilau, akajifichia sinia zima. Nikamwambia, sheha, andika kwamba mie na mama Salma ni mume na mke. Akavaa miwani. "Lete mashahidi wawili, Khamis." Nikamwuliza, wewe hukuwepo? "Nilikuwepo, lakini nilikuwepo kama jirani. Leo niko hapa kama sheha." Mashahidi niliwapata pale nje penye bao. Mmoja harusini hakuja, aligombana na marehemu baba kwa ajili ya mbuzi. Huyo ndiye aliyetia sahihi kwa madaha kuliko wote.

Nakala ikatoka. Nikarudi Unguja najiona nimemaliza.

Wakaja kwenye jina. Pasi yangu ya kusafiria imeandikwa Khamis Makame Haji. Cheti kinasema Hamisi bin Makame. Aliyeandika cheti mwaka 1998 hakuona haja ya kupoteza wino kwa herufi ya K. Nikaambiwa nenda kwa wakili ukaape. Nikenda, nikalipa, nikashika msahafu, nikaapa kwamba mimi Khamis ndiye huyo huyo Hamisi. Mtu mzima, mvi zimejaa, naapa kwamba mie ni mie! Wakili akaniuliza kama nina uhakika. Kwa bei ile, nikamwambia, ninao.

Jioni nikawasimulia pale barazani. Hapakosi mjuzi. Akaniambia wenzetu walishamaliza mambo haya, kuna mkataba wa The Hague wa tarehe 5 Oktoba 1961, nchi zilizomo zinagonga muhuri mmoja tu, unaitwa apostili, na karatasi inapokelewa moja kwa moja, haipiti tena ubalozini. Apostili! Nilidhani ni jina la samaki. Hata Oman, akasema, wameanza tangu 2012. Na sisi je? Akanywa kahawa yake kwanza. "Sisi hatumo." Basi ndo hapo nikaelewa kwa nini karatasi yangu inatembea kuliko mie.

Maana mtindo wenyewe ni huu. Wakili kagonga muhuri, lakini nani anamjua wakili? Mahkama inamjua. Mahkama ikagonga kwamba wakili ni wakili kweli. Nani anaijua mahkama? Wizara. Wizara ina daftari la sahihi, wanafunua, wanalinganisha mkia wa sahihi na mkia wa sahihi. Yangu ikakwama wiki tatu kwa sababu karani aliyetia sahihi kahamishwa, na mkia wa karani mpya haujafika daftarini. Ikishatoka wizarani, ubalozi nao wanagonga kwamba wizara wanaijua. Wanajuana wenyewe kwa wenyewe, ukoo mzima. Mie hapo katikati hakuna anayenijua.

Halafu soma muhuri wenyewe. Mie niliusoma, nina miwani ya kusomea. Chini kabisa, maandishi madogo kama sisimizi: ofisi hii haiwajibiki na yaliyomo katika hati hii. Nikamwuliza kijana wa dirishani, mwanangu, sasa mumethibitisha nini? "Tumethibitisha sahihi, mzee wangu." Na ndoa? "Ndoa hatuijui." Mihuri sita, hela ya mihuri sita, na hakuna hata mmoja uliosema huyu bwana kaoa! Ningeandika kwamba nimemuoa nguva wa Kizimkazi wangegonga vile vile, mradi mkia wa sahihi umekaa sawa.

Wakati huo arobaini imeshatoka zamani. Mtoto anakaa mwenyewe.

Ikabaki ubalozini. Boti tena, mwendo wa saa mbili mpaka Dar es Salaam, simu tukaacha kwa mlinzi, tukapanga foleni na mama Salma tangu alfajiri. Dirishani yuko binti mmoja mpole, Mswahili mwenzetu. Akaanza na mke wangu. "Mama, mbona jina lako la mwisho si la mzee? Fomu inauliza jina la familia." Nikamwambia mwanangu, huyu alikuwa na babake kabla hajawa na mie. Kwani nilipomuoa nilimfuta baba? Na Salma anaitwa Salma Khamis Makame, la mwisho ni la babu yake. Kwenye fomu yao ile tulikuwa watu watatu waliokutana bandarini.

Akaandika, akafunua tafsiri ya cheti, akasoma kwa kidole. Kidole kikasimama. "Mzee, hapa pana mahari. Msahafu umelipwa. Kitanda cha samadari, pameandikwa bado. Hili deni limeshalipwa?"

Mama Salma alikuwa anasinzia ndani ya buibui lake tangu saa mbili. Akafumbua macho.

"Hebu rudia, mwanangu."

Binti akarudia, tena kwa sauti. Foleni nzima ikanyamaza. Wallahi nilikuwa nimesahau. Mwaka 1998 tulilalia kitanda cha kamba, tukasema samadari msimu wa karafuu ukija, misimu ikaja ikapita, karafuu ikapanda bei ikashuka. Nikamnong'oneza, mama Salma, soma muhuri basi, ofisi haiwajibiki na yaliyomo.

"Mie nawajibika nayo," akasema. "Gonga, mwanangu."

Binti akagonga. Muhuri wa saba.

Viza yake ikatoka baada ya wiki mbili. Yangu wanaihakiki bado, ile habari ya K. Kenda peke yake, na ile hati kaitia mkobani, anasema ni ya kwake. Juzi kanipigia simu. Salma mzima, mjukuu keshaota meno mawili, huko baridi. "Na kitanda, Baba Salma, kimefikia wapi?"

Nimekwenda kwa fundi Darajani. Samadari yenye miguu ya kukereza, miezi mitatu, nusu ya hela mbele. Nikatoa. Akachukua kalamu aandike risiti, akanitazama.

"Niandike Khamis au Hamisi?"