Foklifti zichajiwe wapi: chumbani au chini ya paa la ghala?

Msimu wa kahawa ukipamba moto, maghala ya Moshi hayalali. Magunia ya kilo 60 yanashushwa, yanapangwa, yanapakiwa tena, na foklifti iliyofungwa kwenye chaja huku lori linapiga honi getini ni hasara ambayo kila mtu anaiona. Hivi karibuni niliitwa kwenye ghala moja la mjini hapa kuamua ubishi. Tajiri alitaka kujenga chumba cha kuchajia betri: mita 3 kwa 4, dari ya jipsamu, mlango wa chuma wenye kufuli. Msimamizi wake alitaka chaja zibaki ukutani ndani ya ghala, hatua chache kutoka mlango wa kupakilia. Tajiri akasema chumba ni usalama. Msimamizi akasema chumba ni safari.

Hoja ya tajiri si ya kudharau. Betri ya foklifti ya volti 48 inaweza kufika tani nzima, na ndani yake kuna asidi ya salfa inayotoboa suruali kabla hujajua kwamba imekurukia. Inapochajiwa hutoa hidrojeni, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo ikifika asilimia 4 ya hewa inahitaji cheche moja tu. Ile harufu kali inayokuna koo karibu na betri ni ukungu wa asidi. Na kahawa, kama ajuavyo yeyote aliyewahi kuiweka karibu na mafuta ya taa, hunyonya harufu za jirani. Ukiongeza magunia makavu yaliyorundikwa hadi karibu na kenchi, unaelewa kwa nini mtu mwenye mali yake hataki betri humo ndani.

Lakini tupige hesabu, kwa sababu ubishi huu wote uko kwenye hesabu. Kila seli (chumba kimoja kati ya vinavyounda betri) ya betri ya risasi na asidi, chaji inapokaribia kujaa, hutoa takriban lita 0.42 za hidrojeni kwa kila ampea-saa moja, yaani umeme wa ampea moja ukipita kwa saa moja. Betri ya volti 48 ina seli 24. Chaja ikiwa imeshuka hadi ampea 20 katika hatua hiyo ya mwisho, betri moja inatoa kama lita 200 kwa saa. Ili gesi isizidi asilimia 1, betri hiyo inahitaji mita za ujazo 20 za hewa mpya kila saa. Hicho si kiasi cha kutisha. Ghala lenye paa refu la mabati, lililoachwa wazi kileleni, hupitisha zaidi ya hapo bila feni hata moja, kwa kuwa hidrojeni ni nyepesi kuliko hewa mara 14 na yenyewe inajua njia ya juu.

Sasa rudi kwenye chumba cha tajiri. Urefu wa mita 2.5 unakupa mita za ujazo 30. Ingiza betri nne, funga mlango saa 2 usiku, mlinzi aende zake na ufunguo. Zikifika kwa pamoja hatua ile ya mwisho, ambapo maji ya betri huchemka kwa mapovu ya gesi, zinatoa lita 800 kwa saa. Asilimia 4 ya chumba hicho ni lita 1,200. Kama hewa haitoki, saa moja na nusu inatosha, na chini ya jipsamu gesi itakuwa imeshajikusanya mapema zaidi, palepale taa ilipofungwa. Chumba kilichojengwa kwa jina la usalama kinageuka chupa.

Feni basi? Feni ni nzuri, na chaja iunganishwe nayo ili isiwake kama feni haizunguki. Ila umeme ukikatika, feni na chaja vinazimika pamoja, na betri iliyokuwa ikichemka inaendelea kutoa gesi kwa muda. Tundu pana juu ya ukuta na jingine chini havimsubiri TANESCO.

Hata hivyo sikumpa msimamizi ushindi wote. Pale alipoziweka chaja ni njia ya wabeba mizigo, na waya zinalala sakafuni. Nilimkuta dereva kijana akichomoa plagi huku chaja bado inasukuma umeme. Cheche ya buluu ikaruka sentimita chache kutoka kwenye vifuniko vya seli. Anazima chaja kwanza? “Nikikumbuka, mzee.” Kwingine betri zilijazwa maji kabla ya kuchajiwa, zikafura na kumwaga asidi, na zege chini yake limeliwa mpaka kokoto zinaonekana. Maji ya betri huongezwa chaji ikishajaa, isipokuwa kama bamba za risasi zilizo ndani ya seli zimeachwa wazi. Bomba la kuoshea macho lilikuwa nje, ng'ambo ya maegesho. Mwenye asidi jichoni hawezi kutafuta bomba. Anatakiwa kulifikia ndani ya sekunde 10 na kujiosha dakika 15.

Kijana wa tajiri alikuja na jibu la tatu: nunueni betri za lithiamu, ubishi uishe. Kweli hazitoi hidrojeni zikichajiwa kawaida, hazitaki maji, na unaweza kuzichomeka wakati wa chai. Kwa ghala la zamu mbili ningezifikiria. Ila bei yake iko juu, moto wake ukianza ni mgumu kuuzima, na kwa kuwa ni nyepesi lazima mtengenezaji wa foklifti aseme kama uzito uliobaki nyuma unatosha kunyanyua mzigo uleule. Wengi husahau kwamba betri ile nzito ndiyo inayozuia mashine isibinuke.

Nilichopendekeza: eneo libaki chini ya paa kuu, kwenye kona ya upande wa nje, magunia yakae mbali, vyuma vya kuzuia kugongwa visimikwe, waya zipande ukutani, bomba lije ndani, na ndoo ya magadi soda iwe karibu kwa asidi itakayomwagika. Wenye kuchomelea wafanyie kazi yao kwingine. Chaja zipangiwe zamu, zisiwake zote saa 12 jioni. Tajiri amekubali kuacha jipsamu. Kuhusu mlango wenye kufuli, bado tunavutana.