Kopo lenye kitako cha uongo

Septemba, Lubumbashi. Midomo imepasuka, vumbi jekundu limeingia mpaka kwenye shuka, na raha niliyojipangia ni moja tu: kupika kikanda, ule mkate wetu mzito wa mizizi na karanga, kama cha marehemu bibi. Unga wa ile mizizi ya porini, karanga za kusaga, pilipili, soda kidogo, kisha sufuria linafunikwa na makaa yanawekwa juu ya kifuniko. Karanga ndiyo roho yake. Bibi alipima kwa kopo, basi nami nanunua kwa kopo.

Kopo gani sasa! Kitako kimegongwa kwa nyundo mpaka kimeingia ndani kama tumbo la mwenye njaa. Juu, karanga zinapandishwa mlima mzuri, macho yanashiba. Nikaligeuza kopo nione. Muuzaji akacheka: «Yaya (yaani ndugu mkubwa), lilianguka.» Yote sokoni yalianguka, tena kwa kitako?

Nikadai nyongeza. Nikapewa karanga sita. (Nilizihesabu, ndiyo.)

Kikanda kilitoka kigumu, kinarudi ukikibonyeza. Mama mkubwa akatafuna kimya, halafu akauliza kama nimesahau mapishi ya nyumbani.