Simba wa Tsavo: Faida Yaja Pwani, Hasara Yabaki Zizini

Sensa ya wanyamapori ya mwaka 2021 ilihesabu simba 2,589 na duma 1,160 katika Kenya nzima. Kwa Afrika yote, makadirio yanayotumiwa na wengi ni simba kati ya 20,000 na 25,000, na duma wapatao 7,000 waliosalia katika takriban asilimia 9 tu ya ardhi waliyokuwa wakiizunguka zamani. Mkaazi wa Mombasa aweza kuzisikia takwimu hizi akazichukulia kuwa habari za bara, kwa kuwa Kisauni na Likoni hakuna simba. Mimi naona vingine. Mji huu unanufaika na simba wa Tsavo karibu kila siku ya msimu wa watalii, na mchango wetu katika gharama ya kumweka hai ni mdogo mno kuliko faida tunayoipata.

Tazama biashara yenyewe. Kabla ya alfajiri magari ya watalii huanza kuzunguka hoteli za Nyali, Bamburi na Shanzu, wageni wakipanda na vifurushi vya kiamshakinywa walivyofungiwa jikoni. Yanashika barabara ya Nairobi, yanapita Mariakani na Mackinnon Road, na kabla jua halijawa kali yameshaingia Tsavo Mashariki kwa lango la Bachuma. Dereva mmoja akimwona simba amelala chini ya mti, habari hupita kwa redio, na baada ya dakika chache magari mengine yameshamzunguka. Tembo wa Tsavo, waliojipaka udongo mwekundu, ni wengi na wanapendeza, lakini kila dereva anajua kwamba mgeni asiyemwona simba hurudi na malalamiko. Wengine hurudi jioni hiyo hiyo kulala ufuoni. Pesa za chumba, za chakula, za gari na za kijana aliyeiuza safari ile mchangani zimezunguka Pwani. Kiingilio kimekwenda kwa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS. Na kijiji kilicho ng'ambo ya mpaka wa mbuga, ambako simba yule yule huenda akapita usiku, hakimo katika hesabu hiyo.

Wanaotetea ulinzi mkali wana hoja nzito, na haifai kuipuuza kwa sababu tu mara nyingi husemwa na watu wanaoishi mbali na simba. Umoja wa Kimataifa wa Uhifadhi wa Maumbile ulikadiria kwamba simba wa Afrika walipungua kwa takriban asilimia 43 kati ya mwaka 1993 na 2014, na kwamba nafuu ilionekana zaidi katika nchi chache za kusini mwa bara. Simba jike hukaa na watoto wake kiasi cha miaka miwili kabla hawajajitegemea, kwa hiyo jike mmoja akiuawa, na watoto wake wadogo huwa hatarini kupotea. Kisha ipo sumu. Mtu aliyepoteza ng'ombe hahitaji bunduki wala mkuki. Humwagia mzoga dawa ya kuulia wadudu wa shambani akaenda zake, na simba wakirejea kumalizia mlo wao, wanakufa wao, fisi, mbweha na tumbusi kwa pamoja. Dawa iliyovuma sana kwa matumizi haya, Furadan, ilianza kuondolewa na watengenezaji wake katika soko la Kenya mwaka 2009, lakini sumu nyingine zipo, na Desemba 2015 simba wa kundi mashuhuri la Maasai Mara waliuawa kwa njia hiyo. Hasira ya usiku mmoja inaweza kufuta kazi ya miaka, na ndiyo maana watetezi hawa hawataki kusikia lugha ya kuvumilia mauaji hata ya simba mmoja.

Upande wa pili wa mizani yupo mfugaji, na hapa ndipo ninapotaka tukae kidogo. Zaidi ya nusu ya ardhi ya Kaunti ya Taita Taveta imo ndani ya mbuga za Tsavo, na katika mabaki yake wapo wakulima, wachimba madini na ranchi ambazo wanyama huzipita kama njia yao. Zizi la kawaida huko ni duara la matawi ya miiba. Linamzuia mbuzi asitoke, lakini simba aliyedhamiria halimzuii sana. Mara nyingi hana haja hata ya kulipenya: hulizunguka upande upepo unakotoka, ng'ombe wanaipata harufu yake, wanababaika, wanabomoa uzio wenyewe na kutawanyika gizani, naye anachagua.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2004 kuhusu ranchi zinazopakana na Tsavo ulionyesha kwamba wanyama wakali walichukua takriban asilimia 2.4 ya mifugo kwa mwaka, na kwamba mashambulizi yalifungamana na majira ya mvua. Jambo hili huwashangaza wengi, kwani tumezoea kudhani kwamba simba hugeukia mifugo wakati wa ukame. Wakati wa kiangazi swala na pundamilia hukusanyika kwenye maji machache yaliyobaki, wamedhoofika, na simba hula bila taabu. Mvua ikinyesha wanatawanyika, wanapata nguvu, na zizi linakuwa ndiyo njia ya mkato.

Asilimia 2.4 ikitajwa katika ukumbi wa mikutano itaonekana hasara ndogo, pengine chini ya ile inayoletwa na magonjwa. Simba, hata hivyo, hachukui wastani. Huingia zizi moja, huua mbuzi wanane, na majirani wote wanaamka salama. Kwa ranchi yenye maelfu ya ng'ombe hiyo ni gharama ya biashara. Kwa mwenye mbuzi kumi na wawili ni karo ya muhula mzima na ndiyo akiba yake yote. Ninayemlaumu kwa ukali ni yule anayetumia wastani huo kumwambia mtu wa pili kwamba analalamika bure.

Serikali haikukaa kimya juu ya hili. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 iliweka fidia ya shilingi milioni 5 kwa mtu aliyeuawa na mnyama, milioni 3 kwa aliyepata ulemavu wa kudumu, na ikaruhusu mifugo na mazao kulipwa kwa bei ya soko, ilimradi mwenyewe alichukua hatua za kujikinga. Maandishi ni mazuri. Utekelezaji ndio uliolemaa: dai hupitia kamati ya kaunti, kisha hupanda wizarani, na madai yakarundikana hadi kufikia mabilioni ya shilingi. Mfugaji anayelipwa baada ya miaka mitatu hajalipwa kwa maana inayomsaidia simba, kwa sababu uamuzi wa kutia sumu mzoga hufanywa asubuhi ile ile.

Hapo ndipo huingia wale wanaosema kwamba kosa letu kubwa lilikuwa kupiga marufuku uwindaji mwaka 1977. Wanaonyesha takwimu ambazo hakuna mpenda wanyama anayeweza kuzisoma akabaki ametulia: kati ya mwaka 1977 na 2016 wanyamapori wa Kenya walipungua kwa wastani wa asilimia 68, huku mbuzi na kondoo wakiongezeka kwa asilimia 76. Mnyama asiye na faida kwa mwenye ardhi, wanasema, hana mlinzi. Na Tanzania, inayoruhusu uwindaji wa kulipia, ndiyo yenye simba wengi kuliko nchi nyingine yoyote ya Afrika.

Hoja hii ina ukweli ndani yake, ila inabebeshwa mzigo usio wake. Idadi ya watu, uzio juu ya uzio katika ardhi iliyogawanywa, na wingi wa mifugo vingeendelea kuwapunguza wanyama hata kama bunduki za wageni zingeruhusiwa. Na huko Tanzania kwenyewe, utafiti uliochapishwa mwaka 2011 ulionyesha kwamba simba walipungua zaidi katika maeneo yaliyowindwa kupita kiasi. Dume la kundi likipigwa risasi mapema, madume mageni huja na kuwaua watoto aliowaacha. Ndiyo sababu ya kanuni ya kutowinda dume aliye chini ya miaka sita, umri ambao mwindaji hukadiria kwa kutazama, pamoja na mambo mengine, jinsi pua yake ya waridi ilivyogeuka kuwa nyeusi. Ni kanuni nzuri ikifuatwa. Mimi sithubutu kuwaambia Watanzania wafunge vitalu vya uwindaji vilivyo katika mapori yenye mbung'o, ambako mtalii wa kamera hafiki na ambako uwindaji ukiondoka huenda jembe na ng'ombe vikaingia. Tsavo hali si hiyo. Simba wa Tsavo anauzwa kwa picha leo, kesho na keshokutwa, akiwa hai, na soko lake liko mwendo wa saa chache kutoka ufuoni.

Uzio wa umeme nao una watetezi wake, na Shimba Hills umepunguza ugomvi wa tembo na wakulima wa Kwale. Kwa nchi yenye ukubwa wa Tsavo, zaidi ya kilomita za mraba 20,000, inayokatwa tayari na barabara kuu na reli mbili, kuizungushia uzio wote kungekuwa ghali na kungewafungia wanyama wasifuate mvua.

Njia inayonishawishi zaidi ilijaribiwa Mbirikani, upande wa Amboseli, ambako mfuko wa fidia ulianza mwaka 2003. Mlipaji hutuma mtu kuangalia mzoga na nyayo upesi, na malipo hupunguzwa iwapo zizi lilikuwa bovu au mnyama aliachwa porini usiku. Masharti haya yanajibu lawama ya haki inayotolewa dhidi ya fidia yoyote, kwamba humfanya mtu azembee kwa kuwa hasara italipwa na mwingine. Sambamba na hilo, vijana wa Kimaasai wameajiriwa kuwafuatilia simba na kuwaonya wachungaji, na taa za kumetameta zilizobuniwa na mvulana mmoja, Richard Turere, karibu na mbuga ya Nairobi zimetumika kuwatisha simba wasikaribie mazizi.

Je, imetosha? Mei 2023, katika eneo hilo hilo la Amboseli, simba kumi waliuawa ndani ya kipindi cha wiki moja hivi. Sita kati yao huko Mbirikani baada ya kuua mbuzi 11 na mbwa, na mwingine alikuwa Loonkiito, dume la miaka 19, mmoja wa simba wazee zaidi waliojulikana. Wapinzani wa fidia waliichukua wiki ile kuwa ushahidi kwamba fedha hizo ni kazi bure. Naielewa huzuni iliyo nyuma ya hoja hiyo, lakini siikubali. Mauaji yale yalikuja baada ya ukame mrefu ambao kwa miezi tisa tu ya mwaka 2022 uliua tembo 205, nyumbu 512 na pundamilia 381 kwa hesabu ya serikali. Wafugaji walikuwa wamepoteza ng'ombe wengi, na kila mbuzi aliyebaki alikuwa na thamani maradufu machoni pa mwenyewe. Mfuko uliopangwa kwa miaka ya kawaida ulizidiwa na mwaka usio wa kawaida. Panahitajika akiba kubwa zaidi, na hapo ndipo Pwani inapopaswa kujitokeza.

Wenye hoteli watasema, na si uongo, kwamba tayari wanatozwa ushuru wa utalii wa asilimia 2, kwamba misimu imekuwa ya kubahatisha, na kwamba kila tozo mpya humsukuma mgeni kwenda Zanzibar. Nimelipima jambo hili. Kwa miaka kadhaa kiingilio cha mtu mzima kutoka nje ya nchi huko Tsavo Mashariki kilikuwa dola 52 kwa siku, kiasi kisicho mbali na bei ya mbuzi mmoja wa wastani. Nyongeza ya dola 2 kwa kila mgeni anayetoka ufuoni kwenda mbugani haiwezi kumgeuza mtu aliyekwisha kulipia ndege kutoka Ulaya, hasa akielezwa inakokwenda. Sharti langu ni kwamba isipitie Nairobi. Ikae kwenye mfuko wa kaunti jirani na Tsavo, hesabu zake zibandikwe hadharani, na sehemu kubwa itumike kujenga mazizi ya waya imara kabla ya hasara, kwani zizi moja zuri huzuia madai ya miaka mingi.

Linabaki swali la nani alipwe. Katika ukanda wa Kasigau, unaounganisha Tsavo Mashariki na Magharibi, ranchi zimekuwa zikipata fedha za hewa ya kaboni, yaani malipo ya wanaotaka kufidia moshi wanaoutoa kwingine, tangu mwaka 2011 kwa kuacha miti isimame, na simba anapata hifadhi humo bila kuombewa. Lakini gawio la ranchi humfikia mwanahisa, ilhali anayelala na ng'ombe porini mara nyingi ni mchungaji wa kuajiriwa, au mfugaji aliyekodi malisho kutoka kaunti nyingine, asiye na hisa yoyote. Huyu ndiye anayesikia ng'ombe wakibabaika saa nane za usiku, na ndiye anayeamua kama atapiga simu kwa askari wa KWS au atatafuta sumu. Mfuko wowote utakaoandikwa kwa jina la mwenye hatimiliki peke yake utamruka yeye, kwa hiyo orodha ya wanaostahili ianzie kwenye mazizi, ikitaja aliyelala hapo usiku ule na mifugo aliyokuwa akiilinda, ndipo ifuatwe na orodha ya wenye ardhi.