Programu ya ujumbe inakula RAM yote ya nini?

Hivi kweli, programu ya kutuma ujumbe tu inahitaji RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta) kiasi gani? Ukiiwasha asubuhi inachukua megabaiti 400, unasema sawa. Ikifika mchana, hata hujaigusa, imeshapita gigabaiti 2, na kompyuta yenye gigabaiti 8 inaanza kuhema: kishale kinaganda, data inahamishiwa kwenye diski, kila dirisha linafunguka kwa kusuasua. Ukiomba msaada unaambiwa "ongeza RAM". Niongeze kwa nini? Matumizi yanayopanda tu na hayashuki hata ukifunga mazungumzo yote, huo kwa kawaida ni uvujaji: programu inaomba nafasi kwenye RAM na hairudishi. Warekebishe walioiandika!

Tena nyingi ya programu hizi zimejengwa kwa Electron, zana ya kuunda programu za kompyuta kwa teknolojia za wavuti, kwa hiyo kila moja inakuja na Chromium, yaani kivinjari, nzima ya kwake. Fungua tatu, una vivinjari vitatu.

Na ukibofya X haizimiki, inajificha pembeni ya saa na kuendelea kula. Mpaka uingie Task Manager (sehemu ya Windows inayoonyesha programu zinazoendelea), upange orodha kwa kumbukumbu, uiue mwenyewe. Kila siku! Wekeni basi kitufe cha kuizima kabisa, tena kionekane.