Anayetangulia sio mjinga

Juzi Jumamosi nimerudi nyumbani na hasira zangu, chai imepoa mezani sijaigusa, nikasema hili lazima niliandike.

Yalikuwa mashindano ya shule hapa Mtwara, yale ya kuchuja watoto wa kwenda ngazi ya juu. Mita 1500 wasichana. Mpwa wangu yumo, yuko kidato cha pili, na wa huku kwetu mnajua mjomba ni nani kwa mtoto, kwa hiyo siongei kama mpita njia. Uwanja mnaujua ulivyo, kona ya kwanza mchanga, kona ya pili nyasi, mistari ya chokaa imepigwa alfajiri na mpaka saa nne nusu yake imeshafutika, halafu kusi nalo lilikuwa limeamka, ukikunja kuingia ule upande wa mikorosho linakupiga kifuani mpaka jezi inabandika mwilini. Filimbi ikalia, mtoto akatoka. Akaongoza raundi ya kwanza, ya pili, ya tatu, nyuma yake wamejipanga watatu kama vifaranga nyuma ya tetea, zimebaki kama mita 120 hivi akapitwa na mmoja, akapitwa na wa pili, akapitwa na wa tatu. Wa nne. Na wanachukuliwa watatu.

Kushindwa ni kushindwa, hilo halikuniuma sana. Kilichoniuma ni pale alipovuka mstari anayumba, mwalimu mmoja wa michezo kashika daftari lake, badala ya kumpa hata maji anamwambia mbele ya watu wote, "Si nilikwambia? Mbio za sakafuni huishia ukingoni." Watu wakacheka. Wakubwa kwa wadogo wakacheka.

Baadaye nimemkuta chini ya mkorosho anajifuta mchanga miguuni kwa ncha ya khanga. Halii, kashalia akamaliza. Akaniuliza, "Mjomba, kwani kutangulia ni kosa?"

Pale pale sikumjibu vizuri. Nilimpa chupa ya maji nikamwambia twende nyumbani. Najibu hapa.

Sio kosa mwanangu. Na Mtanzania anayemcheka mtu kwa sababu ametangulia, mimi namshangaa amesahau kabisa tulijulikana duniani kwa nini. Tarehe 2 Februari 1974, Christchurch, New Zealand, fainali ya mita 1500 michezo ya Jumuiya ya Madola. Mkimbiaji wetu Filbert Bayi ana miaka 20. Bastola imelia tu, kaenda. Hajasubiri mtu, hajamtazama mtu, raundi ya kwanza chini ya sekunde 55, mita 800 kapita kwa 1:52, wenzake wameachwa kule nyuma. Ukiitazama ile mbio hujui mwisho wake utasema huyu anakufa tu, subiri mita 200 za mwisho. John Walker wa New Zealand, yuko kwao pale, watu wake wanampigia kelele, akaja na spidi mwishoni, akasogea, akasogea, hakumfikia. Bayi 3:32.2, rekodi ya dunia, ile ya Mmarekani Jim Ryun iliyokaa tangu 1967 ikaondoka. Na sikilizeni hii ambayo watu hawaisemi: Walker wa pili naye alikimbia chini ya hiyo rekodi ya zamani. Kashindwa lakini kavunja. Hiyo spidi aliitoa wapi siku ile? Alivutwa. Alivutwa na mtu aliyekubali kwenda mbele peke yake.

Mwaka uliofuata Bayi akachukua na rekodi ya maili, kule Kingston, Jamaica, 3:51.0. Halafu 1976 tukasusa Montreal pamoja na Waafrika wengine, sababu timu ya raga ya New Zealand ilikwenda kucheza kwa makaburu, na mimi siyajutii yale, heshima ya watu weusi ilikuwa kubwa kuliko medali. Lakini tazameni ile fainali ya 1500 bila Bayi. Walker alishinda kwa 3:39.17. Mtu aliyekimbia 3:32 na nukta miaka miwili nyuma anachukua dhahabu ya Olimpiki kwa sekunde karibu saba zaidi, sababu hakuna aliyetaka kubeba. Ndo fainali zinavyokuwa asipokuwepo mtangulizi, wanaume wanatembea wanaviziana halafu wanapiga mbio raundi moja.

Na Olimpiki ya Moscow 1980. Nchi hii tangu imeumbwa ina medali mbili za Olimpiki, mbili tu, zote za fedha, zote za Moscow, moja ya Suleiman Nyambui mita 5000 na nyingine ya Bayi mita 3000 kuruka viunzi na maji. Bayi alikimbia vile vile alivyozoea, akatoka akawaacha mbali, Malinowski wa Poland akamkamata raundi ya mwisho. 8:09.70 kwa 8:12.48. Kwa hiyo nusu ya medali zetu zote za Olimpiki imetoka kwenye hizo hizo mnazoziita mbio za sakafuni. Mwalimu, hiyo medali tukairudishe?

Sasa tuje kwenye ufundi, maana sitaki mtu aseme natetea kwa moyo tu.

Anayetangulia anabeba vitu viwili ambavyo wa nyuma hawabebi. Cha kwanza upepo. Muulize mvuvi yeyote wa Mikindani tofauti ya kupiga kasia unaelekea kusi na kupiga kasia umejificha nyuma ya jahazi. Mkimbiaji wa mbele anaupasua ule upepo kila hatua, hata siku ambayo bendera haipepei, sababu spidi yake mwenyewe ni upepo tosha. Wa nyuma yake anapata nafuu bure. Kitu cha pili ni akili. Wa mbele haoni kitu, anasikia miguu tu na pumzi za watu, kila sekunde anaamua yeye, niongeze, nipunguze, wamebaki wangapi. Wa nyuma anatazama mgongo mmoja basi, kichwa kimepumzika. Kwenye yale mashindano ya kulipwa kule Ulaya haya mawili yanapunguzwa, kuna pesimeka, mkimbiaji anayelipwa kutangulia, wa kukuvuta mpaka katikati, na siku hizi kuna taa zinakimbia pembeni ya reli, ile kingo ya ndani ya uwanja, zinakuonyesha spidi. Fainali ya ubingwa haina pesimeka wala taa. Uko peke yako.

Ndo maana Jakob Ingebrigtsen wa Norway anavunja watu kwenye mashindano ya kulipwa halafu fainali za 1500 zinamsumbua. Mashindano ya dunia Eugene 2022 kaongoza, Mwingereza Jake Wightman kampita. Mashindano ya dunia Budapest 2023 kaongoza, Josh Kerr, naye wa Uingereza, kampita. Olimpiki ya Paris, Agosti 2024, nilikuwa kwenye kibanda cha mtu pale Chikongola nimenunua bando makusudi, tunachungulia kwenye simu watu wanne, kijana katoka kwa raundi ya sekunde 54 na kitu. Nikasema huyu anafanya kama Bayi! Mwili ulinisisimka kabisa. Mita 200 zimebaki Kerr anamjia kulia, na yule Mmarekani Cole Hocker kajaribu kuingia ndani kushoto, Ingebrigtsen kambana, Hocker kakatika hatua. Mimi nikasema kwisha Mmarekani. Sasa mnyooko wa mwisho angalieni mguu wa Ingebrigtsen, ile klipu ipo, anahangaika na Kerr wa kulia, anasogea kidogo nje, hatua mbili tatu tu, na kule ndani kando ya reli pakafunguka mlango. Hocker akaingia hapo hapo. 3:27.65, rekodi ya Olimpiki. Kerr wa pili, Mmarekani mwingine Yared Nuguse wa tatu, na Ingebrigtsen wa nne kwa 3:28.24.

Wa nne. Kama mpwa wangu. Na huyo wa nne kakimbia muda ambao miaka mitatu nyuma yake, Olimpiki ya Tokyo, ungempa dhahabu, sababu Tokyo dhahabu aliichukua yeye mwenyewe kwa 3:28.32. Na Tokyo aliichukuaje? Kakaa nyuma ya Timothy Cheruiyot wa Kenya, Cheruiyot kabeba, yeye kachomoka mwisho. Anaujua mchezo pande zote mbili yule kijana. Siku chache baada ya Paris kuvunjika vile kaingia mita 5000 kashinda. Kuna mtu wa kumcheka hapo?

Haya, nakubali, na nakubali kwa shingo upande, wanaokaa nyuma wanachukua fainali nyingi kuliko wanaotangulia, na sio wezi, kukaa nyuma nako kuna hatari zake, unaweza kubanwa ndani mpaka mbio inaisha una nguvu zako zote hujazitumia. Hata ile rekodi ya Bayi ya Madola ilikaa miaka 48 na aliyekuja kuivunja, Oliver Hoare wa Australia, Birmingham 2022, 3:30.12, alitokea nyuma akampita huyo huyo Cheruiyot mwishoni. Sawa. Ila bila waliobeba mbele hiyo 3:30 isingekuwepo.

Ninachokataa ni kumwambia mtoto kutangulia ni ujinga wakati kosa liko kwingine kabisa, na mimi kosa lake ninalo kwenye simu. Nilikuwa nabonyeza saa kila anapopita. Raundi ya kwanza sekunde 76. Ya pili 86. Ya tatu 92. Mita 300 za mwisho 67. Someni tena hizo namba. Wale watatu hawakumkimbiza. Yeye ndiye aliwarudia. Raundi ya kwanza alikimbia kwa furaha na ule woga wa filimbi, raundi ya tatu, ambayo ndo inaua kila mtu duniani, alikuwa ameishiwa na bado anawakinga wenzie upepo. Angeanza kwa 82, halafu 85, halafu 85 tena, wale vifaranga wangelazimika kufanya kazi hapo kwenye raundi ya tatu walipotaka kupumzika. Mwalimu mwenye daftari alikuwa na saa shingoni. Hakumsomea mtoto hata namba moja.

Faith Kipyegon wa Kenya ana dhahabu tatu za Olimpiki za 1500, 2016, 2021 na 2024, na mbele anakaa sana tu, lakini anaongeza kidogo kidogo mpaka mtu wa nyuma anashtukia hana tena cha kuchomokea. Gudaf Tsegay wa Ethiopia alitoka kwa fujo fainali ile ya Paris akamaliza wa mwisho. Wote wawili wametangulia, ila mmoja alijua raundi ya tatu inakuja. Mmarekani Matthew Centrowitz, Olimpiki ya Rio 2016, alikaa mbele karibu mbio nzima, raundi ya kwanza karibu sekunde 67, polepole makusudi, wenzake wakakubali kumlalia nyuma, kashinda kwa 3:50.00, dhahabu ya polepole kuliko zote tangu 1932. Na David Rudisha wa Kenya, Olimpiki ya London 2012 mita 800, huyo alikwenda mbele toka mwanzo 49.28 raundi ya kwanza akamaliza 1:40.91, rekodi ya dunia bila pesimeka, na karibu wote waliokuwa nyuma yake nao wakakimbia muda ambao hawajawahi kuuona.

Kuna kingine nilikiona na hiki kimenikaa rohoni zaidi. Alipopitwa na yule wa kwanza mabega yake yalianguka. Yule wa kwanza tu, na bado alikuwa na nafasi mbili. Hakuna aliyemfundisha kwamba kupitwa sio mwisho wa mbio. Olimpiki ya Athens 2004, fainali ya 1500, Bernard Lagat wa Kenya alimpita Hicham El Guerrouj wa Morocco kwenye mnyooko wa mwisho kabisa, watu wameshasimama, na El Guerrouj, aliyekuwa ameshaikosa hiyo dhahabu Olimpiki mbili, akarudi akampita tena akashinda kwa 3:34.18 kwa 3:34.30. Hilo la kurudi linafundishwa. Unamwambia mtoto, ukipitwa hamia nyuma ya aliyekupita, sasa yeye ndiye akubebee upepo, wewe hesabu hatua kumi. Ni maneno ya dakika tano. Mwalimu alizitumia kwenye methali.

Jana jioni tumekwenda uwanjani wawili tu. Nimepiga chokaa nzito pale raundi ya tatu inapoanzia, karibu na mti wa goli, nikamwambia hapa ndo mbio yako inaanzia, kabla ya hapa hujafanya kitu. Nikampa 83 kwa raundi ya kwanza, namwita namba kwa sauti kila nusu raundi. Kusi linapiga vile vile. Akakimbia mbili za kwanza ananitazama kama namnyima kitu, alipofika kwenye chokaa akainama kidogo mbele, nikaona mikono imebadilika. 84. Kwenye ule upande wa upepo, peke yake, 84.

Akaja anahema kashika magoti. Nikamwambia mwakani unaweza ukajificha nyuma ya mtu mpaka hapo kwenye chokaa, halafu ndo utoke.

"Hapana mjomba," akasema. "Mbele nakaa mimi. We nisomee tu namba."