Heda ya Subaru na ile nati ya mwisho
Subaru ya tabo (ile feni inayozungushwa na gasi ya ekzosi ili isukume hewa zaidi kwenye injini) iliyokwisha kula miaka kumi na tano hivi ina siku yake ya kuanza kulia "tik tik tik" asubuhi, kisha mlio unapotea injini ikipata moto. Mara nyingi ni manifoldi ya ekzosi iliyopasuka, yaani bomba linalokusanya gasi inayotoka kwenye silinda, au gasketi iliyoungua, kile kipande kinachoziba maungio yake. Chuma kikishika joto kinatanuka na kuziba ufa, kikipoa ufa unarudi. Hapo ndipo mwenye gari anapoanza kuulizia heda, yale mabomba ya stenlesi yanayofungwa mahali pa manifoldi ya kiwandani. Swali la pili halichelewi: nifunge mwenyewe au nipeleke gereji?

Wanaosema ufunge mwenyewe wana hoja nzito kuliko kuokoa pesa. Injini ya Subaru imelala, silinda mbili kila upande, kwa hiyo ekzosi inatokea chini. Hushushi injini wala hung'oi redieta. Unataka mahali palipo sawa, jeki, stendi, soketi ya 14 yenye mkono mrefu, na siku mbili ambazo gari halihitajiki. Stendi nasema stendi: jeki peke yake haitoshi, na jiwe chini ya gari ni kujichimbia kaburi.

Nati zenyewe zinataka subira kuliko nguvu. Ijumaa usiku unapuliza mafuta ya kulegeza kutu, Jumamosi alfajiri unarudia, halafu unageuza robo mbele, robo nyuma, unaiacha na kwenda kunywa chai. Fundi anayelipwa kwa kazi, na magari matatu yanamngoja mlangoni, ataipata wapi subira hiyo? Katika gereji moja hapa Mombasa nilimwona kijana akichomeka bomba kwenye mkono wa soketi ili apate nguvu zaidi. Nati ikalia "kwii", halafu ghafla ikawa laini. Hakuna aliyesema neno. Stadi, ule msumari wa nyuzi unaoshika nati, ilikuwa imekatika.

Ila stadi haichagui mkono wa kuikatia, na hapo ndipo wanaotetea gereji wanaposhika mpini. Stadi ni chuma kilichozamishwa kwenye hedi ya alumini, yaani kichwa cha injini, na joto la miaka yote hiyo limevigandisha pamoja. Gari likiwa limetoka kaskazini mwa Japani, limetembea juu ya chumvi inayomwagwa barabarani wakati wa theluji, kisha limekuja kukutana na chumvi ya bahari yetu. Ikikatika nawe umelala chali, kuitoboa kwa drili ya mkono ni kamari: alumini ni laini kuliko stadi, na drili ikiteleza inakula hedi. Fundi wa kuchomelea anaweka nati juu ya kisiki kilichobaki, anaichomelea, joto lilelile linalegeza kutu, anaizungusha inatoka. Dakika chache tu, lakini amezilipia kwa miaka ya kuharibu hedi za watu.

Yangu ilikatika ya mwisho kabisa, nusu saa baada ya kujisifu kwa shemeji kwenye simu. Fundi aliletwa nyumbani na tuktuk pamoja na mashine yake, akachungulia chini, akanitajia bei ya mtu anayejua huna pa kwenda.

Jambo ambalo pande zote mbili hulipita haraka ni kazi ya baada ya kufunga. Gasi ikivuja kabla ya tabo, tabo inachelewa kuamka. Uvujaji ukiwa karibu na sensa ya oksijeni inayopima moshi, hewa ya nje inanyonywa ndani, kompyuta ya gari inadhani mchanganyiko una petroli kidogo na inaongeza nyingine. Gari linakunywa na hujui kwa nini. Masizi meusi pembeni mwa gasketi ndiyo alama. Kwa hiyo ukishaliendesha siku kadhaa, rudi chini ukaze tena. Kwa kazi hii namwamini mwenye gari kuliko gereji, maana wao wakishapokea hela wamemaliza. Lakini heda inayopitisha gasi kwa wepesi zaidi inaweza kubadilisha msukumo wa tabo, na hapo kompyuta inahitaji kupangwa upya na mtu mwenye vifaa. Hilo usijaribu uani.

Mimi basi naona hivi: manifoldi ikiwa imepasuka, nunua heda, fungua mwenyewe polepole, na uwe na namba ya fundi wa kuchomelea kabla hujagusa nati ya kwanza. Ikiwa nzima, iache. Na mwenye Impreza ya 1500 isiyo na tabo anayetafuta nguvu Nairobi, hewa ya mita 1,700 hivi juu ya bahari ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa karibu asilimia 15, na hakuna bomba litakalomrudishia hewa hiyo.

Halafu kuna suala la mlio. Ule mngurumo unaowafanya watoto wageuke barabarani unatokana na mabomba yasiyolingana urefu. Silinda zinawaka kwa zamu 1, 3, 2, 4: mbili za kulia, kisha mbili za kushoto, na mabomba ya kushoto yanavuka chini ya injini kufuata tabo iliyoko kulia. Mapigo yanafika kwa kupishana vibaya, na huo upishanaji ndio muziki wenyewe. Heda ya mabomba yanayolingana inayapanga vizuri, tabo inafurahi, mngurumo unakufa. Subaru wenyewe walifanya hivyo kwenye Legacy za tabo za 2003. Jirani yangu hakuliuliza hilo dukani. Alifunga heda yake kwa ustadi mkubwa, hakukata stadi hata moja, akawasha gari, akazima, akawasha tena. Sasa anatafuta manifoldi kama ile aliyomuuzia mnunuzi wa vyuma chakavu kwa kilo.